Rahab na Watu wa Kikapu

Mwaka wa 2003, mvua ndefu zilipokuwa zimeshika vizuri, Kang'ethe alimsikia mkewe akipiga mayowe nyuma ya nyumba. Aliacha chai mezani, akanyakua panga, akakimbia bila viatu akijua ni nyoka. Alimkuta Rahab amepiga magoti kwenye udongo, machozi yanamtoka, na kumbe alikuwa anacheka.

"Angalia, Baba Nyambu! Angalia huyu!"

Kang'ethe aliinama. Kiganjani mwa mkewe kulikuwa na nyungunyungu mmoja mnene, akijikunja na kujikunjua.

"Umeniita kwa sababu ya nyungunyungu?"

"Sijakuita. Nimefurahi tu."

Ndivyo alivyokuwa Rahab. Furaha yake haikujua kukaa ndani. Jerop, jirani wa upande wa juu, alikuwa na mazoea ya kusema kwamba akisikia kelele huko chini hana haja ya kuuliza: ama ng'ombe amezaa, ama maharagwe yametoa maua.

Lakini nyungunyungu yule alistahili kelele. Lile shamba lilikuwa limekaa miaka mingi bila kumwona wa namna yake. Baba yake Kang'ethe alikuja Trans-Nzoia kutoka Nyandarua miaka ya sabini, akanunua hisa ya ardhi pamoja na wenzake, akapewa kipande kando ya barabara ya Endebess. Tangu hapo lilikuwa mahindi juu ya mahindi. Kila msimu mbolea ya duka, kila msimu dawa, na mavuno yakiisha mabua yanapigwa moto. Mwanzoni ghala lilijaa mpaka mlango ukagoma kufungika. Baadaye udongo ukapauka, ukawa mgumu kama ukuta wakati wa jua na wenye kuteleza kama sabuni wakati wa mvua. Mvua ikinyesha kwa nguvu, kijito cha chini kiligeuka rangi ya matofali.

Rahab aliteka maji ya kupikia kijitoni humo. Ilibidi aiache ndoo itulie kwanza, tope lishuke, ndipo achote ya juu. Siku moja alimwaga ndoo akaona tope limebaki chini, laini, jekundu. Akalishika kwa vidole. Akamwambia mumewe jioni ile wakila, "Baba Nyambu, tunalinywa shamba letu."

Kang'ethe alidhani ni utani.

Haikuwa utani. Kina mama wa kanisa walipoalikwa kwenye mafunzo ya kilimo hai, Rahab alikuwa wa kwanza kutaja jina lake. Alirudi nyumbani akiongea bila kupumua: kuchimba udongo kina mara mbili, kulundika majani na samadi mpaka viwe mboji, kutochoma hata bua moja. Aliomba sehemu ya shamba. Kang'ethe alimpa kile kipande cha nyuma ya nyumba, chenye mawe, ambacho hata magugu yalikisusia.

Alikichimba. Alikata yale maua ya njano machungu yanayojiotea kando ya barabara, akayaburuta nyumbani kwa wilbaro. Alikusanya majivu, maganda, samadi ya ng'ombe na ya nguruwe, akalundika na kufunika. Asubuhi za baridi, Mlima Elgon ukiwa bado umejifunika, lundo lake lilikuwa linafuka mvuke, naye alikuwa anaingiza mkono ndani yake na kusema, "Kuna moto huku! Moto usiounguza!" Na mvua za mwaka uliofuata ndizo zilizomleta nyungunyungu yule.

Sukuma wiki ikainuka, managu, spinachi, karoti. Rahab alizipeleka soko la Kitale kwenye gunia lililoloweshwa, amejaa matumaini. Hapo ndipo alipokutana na ukweli. Mboga za wengine zilikuwa zinang'aa, hazina alama. Zake zilikuwa na vitundu. Mama mmoja aliinua jani la sukuma, akalielekeza kwenye jua, akachungulia.

"Mama, hii mboga imekulwa na nani kabla yangu?"

Watu wakacheka. Rahab naye akacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Kisha akajibu kwa sauti yake ile ya kwaya, "Imeonjwa na mdudu. Na mdudu hakufa!"

Mwanamke mwenye buibui jeusi, aliyekuwa akipita na kikapu cha nyanya, alisimama. Aliitwa Khairunisa. Alikuwa na hoteli ndogo karibu na msikiti, mahali watu walipokula chapati na maharagwe asubuhi na pilau siku ya Ijumaa. Alirudi nyuma hatua kadhaa.

"Umesema nini, dada?"

"Nimesema mdudu hakufa. Sijapiga dawa."

"Hata kidogo?"

"Pilipili na sabuni. Ukitaka nitakula moja mbichi hapa hapa."

Na akatafuna jani. Khairunisa alicheka mpaka akashika kiuno, akanunua gunia zima. Kumbe alikuwa na sababu. Mume wake, Hashim, dereva wa pikapu, alikuwa akibeba mboga kutoka mashambani, na mara nyingi aliwaona vibarua wakipiga dawa asubuhi na kuvuna jioni ya siku ile ile. Tangu alipomsimulia hayo, Khairunisa alikuwa anaosha sukuma kwa maji ya chumvi mara tatu na bado moyo haujatulia.

Wiki iliyofuata alirudi sokoni kumtafuta Rahab. "Wateja wananiuliza kama nimebadilisha mpishi," alisema. "Nataka kuona hilo shamba lako."

Walikuja Jumapili, yeye na Hashim. Rahab aliwatembeza kila tuta kama mtu anayewaonyesha wageni watoto wake. Hashim alipochukua udongo mkononi akaunusa, akasema, "Huu unanuka kama msitu," na Rahab karibu amkumbatie. Khairunisa alikuwa akifikiria. Walipoketi kwa chai akaweka kikombe chini.

"Dada Rahab, wewe unalima bila kujua kama utapata mnunuzi. Mimi nanunua bila kujua nimenunua nini. Kwa nini tusifungane? Pale mtaani kwetu kuna familia nyingi. Tuchange kabla hujapanda, ununue mbegu na vifaa. Kila wiki utuletee kikapu cha kile kilichokomaa. Mvua ikiwa nzuri, tunashiba sote. Ikiwa mbaya, tunakaza mkanda sote."

Kang'ethe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. "Watu wa mjini wakaze mkanda kwa sababu ya mvua ya Endebess? Hiyo sijawahi ona."

"Basi utaona, baba," Khairunisa alimjibu kwa adabu.

Rahab alikuwa ameshasimama. Hakuweza kukaa. "Na waje pia!" alisema. "Waje washike jembe, hata mara moja moja. Waone chakula chao kikiwa bado kidogo!"

Wakakubaliana. Lakini wakati wa kuondoka, Hashim alisikia mkoromo nyuma ya ghala, akageuka. Nguruwe wawili walikuwa wanamtazama kupitia mbao.

Rahab aliona uso wa Khairunisa ukibadilika, akaelewa hata kabla ya kuulizwa.

"Samadi yao iko kwenye mboji," alisema. "Sitawaficha."

Hashim alikuna kidevu. "Nitamuuliza mwalimu wa madrasa. Pengine si neno, udongo husafisha. Lakini watu wetu, dada, roho zao zitakuwa na wasiwasi."

Jioni ile palikuwa na mjadala mkali katika nyumba ya Kang'ethe. Nguruwe walikuwa wake, na aliwapenda. "Nguruwe wangu hawajamkosea mtu," alisema. Rahab hakubishana. Alisema tu kwamba mtu akikuamini tumbo lake na la watoto wake, usimpe sababu ya kusita anapoinua tonge. Kang'ethe alitoka nje akakaa na nguruwe wake. Aliporudi alisema atawapeleka kwa ndugu yake huko Ndalu. Rahab hakungoja jibu la mwalimu wa madrasa. Alianza lundo jipya mahali pengine kabisa, kwa samadi ya ng'ombe wa Jerop, na lile la zamani akalisambaza chini ya migomba ya nyumbani. Habari hiyo ilipofika mjini, familia zilizokuwa zinasitasita zikajiunga siku hiyo hiyo. Kina mama wa kanisa la Rahab nao wakaingia. Wakajiita Watu wa Kikapu.

Vikapu vya kwanza vilitoka mwezi wa Ramadhani wa mwaka wa 2004. Rahab aliamka akiwa tayari anaimba. Sukuma, managu, karoti zenye majani yake, dania, ndimu za mti wa nyuma, malenge kwa ajili ya futari. Hashim alipopakia pikapu, harufu ya dania ilijaa mpaka barabarani. Walipofika karibu na msikiti, wanawake walikuwa wanasubiri, na Rahab akashuka akianza kueleza kila kikapu kwa mikono yote miwili.

"Hii karoti ina miguu miwili, msiogope, ilikutana na jiwe! Hii managu mpike na maziwa! Majani ya karoti msitupe, pelekeeni sungura!"

Bi mmoja mzee, mkwewe Khairunisa, alivunja karoti, akaonja kisha akakumbuka saumu yake, akaitema haraka huku akisema astaghfirullah, na mtaa mzima ukaangua kicheko. "Allah anisamehe," alisema, "lakini hii ni tamu!"

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata, matuta yalikuwa yamejaa kuliko wakati wowote. Alasiri moja anga la upande wa mlima likawa na rangi ya chuma. Upepo ulikuja kwanza, kisha mlio juu ya mabati kama mtu anamwaga kokoto kutoka mbinguni. Mvua ya mawe. Rahab alisimama dirishani. Ilipigapiga mpaka ua ukawa mweupe, kisha ikaondoka ghafla, jua likatoka kana kwamba halikuhusika.

Alitembea shambani. Sukuma zilikuwa zimebaki mifupa. Managu yamelala. Miche ya kabichi haikuonekana kabisa. Kang'ethe alimfuata, akingoja kelele, lakini Rahab hakutoa sauti. Hilo lilimtisha Kang'ethe kuliko mvua yenyewe.

"Sema kitu, Mama Nyambu."

"Watu wa kikapu," alisema polepole. "Nitawaambia nini?"

Aliazima simu ya Jerop akampigia Khairunisa. Alieleza yote bila kupamba.

"Mizizi imebaki?" Khairunisa aliuliza.

"Ya sukuma imebaki. Nduma ziko chini, hazijaguswa."

"Udongo umebaki?"

Rahab aligeuka akaangalia. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho huzuni ilimzuia kukiona. Kutoka shamba la mahindi la mumewe maji mekundu yalikuwa yanateremka kwa mifereji, yamebeba udongo na mbolea yote ya msimu, yakielekea kijitoni. Kwenye matuta yake hakuna kilichoteremka. Barafu ilikuwa inayeyuka mahali ilipoangukia na kuzama kimya kimya, kama maziwa kwenye ugali.

"Umebaki," alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Umebaki wote! Haujaenda mahali!"

"Basi tunakuja Jumamosi."

Walikuja kweli. Pikapu ya Hashim ilijaa, na nyingine nyuma yake. Wanawake wa mtaa wa msikiti wakiwa wamejifunga leso viunoni, kina mama wa kanisa na majembe yao, vijana wa mjini wakiitana "Niaje" na kuulizana jembe linashikwa upande gani. Na mbele ya wote alikuwa mwanaume mfupi, mwembamba, mwenye kofia ya mkeka na mfuko wa nguo begani. Khairunisa alikulia Bungoma, na huyu alikuwa jirani wa wazazi wake. Aliitwa Festus.

"Mama Lahabu," alisema akimpa Rahab mkono, kwa lafudhi ya kwao inayobadilishana l na r, "nimesikia mbingu imekupiga mawe. Nimekuletea mboga za wenyewe. Hizi hazingojangi mtu."

Alifungua mfuko. Ndani yake mlikuwa na mbegu za saga, mitoo, mrenda na kunde, kila moja imefungwa kwenye kitambaa chake. Mama yake na bibi yake walikuwa wamezitunza, akasema, bila duka kuhusika. Rahab alizipitisha vidoleni, nyeusi ndogo kama baruti, na kile kilichokuwa kimekufa usoni mwake kwa siku zile kikawaka tena.

"Zinatoka kwa muda gani?"

"Saga? Wiki chache tu unachuma. Mchanga yako ni raini kama ugari. Hapa zitakimbia!"

Wakaingia kazini. Wengine walikusanya majani yaliyopigwa na kuyarudisha kwenye lundo, kwa sababu Rahab alikataa hata jani moja litupwe. Wengine walilegeza udongo kwa jembe uma. Khairunisa alipanda mrenda ameshika buibui kwa meno. Hashim, ambaye alijua gari kuliko jembe, alichimba tuta lililopinda kama barabara ya Cheptais, na vijana wakalipa jina lake. Adhuhuri waislamu walitandika mikeka chini ya migrevilia wakaswali, na kina mama wa kanisa wakapakua githeri wakiwangoja. Kisha wote wakala pamoja, mikono ikiwa na udongo wa kucha usiotoka.

Kang'ethe alikuwa amekaa pembeni tangu asubuhi. Alikuwa ametembea shamba lake la mahindi mara mbili, akaona mifereji mirefu kama makovu. Watu walipoanza kuosha majembe, alimwendea mkewe.

"Hawa watu wako," alisema akiangalia chini. "Wakirudi tena, wanaweza kushika jembe huku juu pia? Nimefikiria zile fanya juu ulizosema. Ile mitaro ya kuzuia maji."

Rahab alimwangalia. Halafu alipiga kigelegele ambacho Jerop, huko kwake, alitoka nje kukisikiliza.

Walirudi. Mitaro ilichimbwa kukata mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, nyasi za ng'ombe zikapandwa ukingoni. Saga ilitoka kama Festus alivyosema, kwa haraka ya kitu kilichokuwa na deni la furaha, na vikapu vikaanza tena kabla mtu hajamaliza kulalamika. Kwa wiki zile chache za katikati watu walikula nduma na malenge, na hakuna familia iliyojitoa. Baadhi ya watoto wa mjini, walioapa kwamba hawali mboga chungu, waligombania mitoo iliyochanganywa na kunde. Msimu ule Kang'ethe hakuchoma mabua. Aliyalaza shambani yaoze. Mvua kubwa ya Agosti iliposhuka, Rahab alikimbilia kijitoni na ndoo, akachota maji, akaangalia ndani. Aliona vidole vyake chini ya maji. Alibaki pale analowa, akiita kila aliyepita aje aone vidole.

Habari ikasafiri. Mwaka wa 2006 Festus alimwita Bungoma. Majirani zake walitaka kuwa na kikapu chao, na walitaka kumwona huyo mama ambaye mvua ya mawe ilishindwa naye. Rahab alivaa nguo yake ya kanisa, ile ya bluu yenye kola nyeupe, na viatu vya kufungwa. Safari nzima alifanya mazoezi ya hotuba, maana hakuwahi kusimama mbele ya watu isipokuwa kwa kuimba.

Walikuwa wamekusanyika uani kwa Festus, wakristo na waislamu, wakulima na watu wa mjini wa Bungoma, viti vimekopwa huku na huku. Rahab alisimama. Hotuba yote ikamtoka kichwani. Mama mmoja wa mbele, aliyekuwa amekunja mikono kifuani, alimrahisishia kazi.

"Sisi tuko na shamba ndogo, na imechoka. Hata tukichanga, si tutakula hewa?"

"Iko wapi hiyo shamba?" Rahab aliuliza.

"Hapo nyuma ya ua."

"Twende!"

"Saa hii?"

"Si ndio! Nani ako na jembe?"

Festus alijaribu kusema kwamba chai iko tayari, kwamba nguo itachafuka, kwamba wageni hawalimi. Hakuna aliyemsikia. Viti vilisukumwa, watu wakamfuata Rahab kupitia pengo la ua mpaka kwenye kipande kigumu, chenye nyasi zilizokauka. Alivua viatu akavipanga kando, akakunja mikono ya ile nguo ya bluu, akapokea jembe. La kwanza liligonga na kurudi. La pili likaingia.

"Udongo wa juu weka kulia, usichanganye!" aliita, huku akichimba. "Wa chini ulegeze tu, usiutoe! Nani analeta majani? Leteni majani! Mama, wewe wa swali, njoo hapa karibu, shika upande huu!"

Yule mama alikunjua mikono yake, akavua viatu vyake pia, akaingia kwenye shimo.